Lenzi ya Kawaida

Kwa wiki sita kaka yangu hakumtazama mtu kwa macho mawili. Ukimwuliza ameamkaje, anafumba jicho la kushoto, anaunda dirisha kwa vidole, anarudi nyuma hatua mbili, anagonga kabati. Mteja amekuja kutoa nakala ya cheti chake, amesimama zake kwenye kaunta yangu, anashangaa mwanamume mzima mwenye mvi anampimia kichwa kwa mbali. Mimi ndiye niliyekuwa naomba radhi.

"Msamehe tu," nawaambia. "Anachagua lenzi."

Mtaani wanamwita Sentimita, na jina hilo amelitafuta mwenyewe. Picha ya pasipoti haitoki mikononi mwake mpaka aipime kwa rula, kidevu mpaka ukingo, sikio mpaka sikio. Aliwahi kumrudisha askari mwenye bunduki begani kwa sababu kichwa kimeinama nusu sentimita, na askari akaja kesho yake amenyooka. Hakuna ofisi iliyowahi kukataa picha ya Sentimita. Hilo utalisikia kila ukikaa naye dakika tano.

Tunafanya kazi chumba kimoja. Upande wa mlangoni ni wangu: kompyuta, printa, mashine ya fotokopi na benchi la wateja. Nyuma ya pazia ni kwake: kiti cha duara, kitambaa cheupe ukutani, taa mbili ambazo moja inapepesa. Kutoka kitambaa hadi pazia ni mita tatu na sentimita kumi. Nazijua kwa sababu nimesomewa mara nyingi kuliko ninavyokumbuka tarehe yangu ya kuzaliwa.

Ana mtoto mmoja tu, binti wa miaka tisa, ambaye hasikii tangu azaliwe. Anasoma shule ya viziwi iliyo nyuma ya uwanja wa mpira, na mchana akitoka anakuja dukani kwetu, anakaa kwenye benchi, anachora nyuma ya karatasi zilizoharibika kwenye printa. Baba yake akimtaka anazima taa na kuiwasha. Mimi nagonga benchi, yeye anahisi mtikisiko, anageuka. Tulikuwa na ishara zetu za nyumbani: kula, kulala, njoo, hapana, chafu. Kwa miaka tisa tulijiona tunaelewana.

Likizo iliyopita tulimpeleka kwa bibi yake. Siku ya pili akaanza kushika tumbo na kukataa chakula. Bibi akadhani mtoto anasema ameshiba, akafurahi, akajisifu kwa majirani jinsi mjukuu wake anavyokula vizuri. Mtoto alisema vile vile siku mbili nzima. Siku ya nne akaanguka uani, na daktari aliyempasua akasema angechelewa kidogo tu tungekuwa tunaongea habari nyingine.

Ndiyo maana mwalimu wake alipokuja na orodha yake hatukuwa na la kubisha. Ni mwanamke mfupi, mkavu, anayeongea kwa mdomo na mikono kwa wakati mmoja, hata akiongea na sisi tunaosikia. Alikuwa ameandika kwa kalamu maneno mia na ishirini. Alitaka mimi niyachape, kaka apige picha ya kila ishara, na binti awe ndiye anayeonyesha.

"Wakiwa kwangu wanaongea mpaka nawanyamazisha," alisema. "Wakivuka lango kwenda nyumbani, basi. Nataka kila familia iondoke na kijitabu siku ya wazazi, kabla ya likizo. Mwenye mtambo wa uchapaji amenipa nafasi moja. Ikipita hiyo, ni mwaka kesho."

"Na likizo hii anakwenda tena kwa bibi yake," nikasema.

"Ndiyo nasema."

Kaka akapiga kifua. Picha mia na ishirini? Kazi ya siku mbili hiyo. Mwalimu akamwuliza kama hatapenda kwanza kuhudhuria darasa lake la wazazi la Jumamosi, ili ajue anachopiga. Kaka akasema Jumamosi ndiyo siku ya watu wa pasipoti. Mimi pia nilikuwa na sababu yangu, sikumbuki ilikuwa ipi, lakini ilikuwa nzuri.

Siku mbili hizo zilikuwa balaa tupu. Kamera yake ina lenzi ile iliyokuja nayo, ile ya kuvuta, unaizungusha picha inakuja karibu au inakwenda mbali. Kwa pasipoti haina tatizo. Sasa mweke mtoto mbele ya kitambaa, mwambie anyooshe mkono kuja mbele, halafu simama karibu naye ili aenee wote. Mkono unatoka mkubwa kuliko kichwa. Neno la asante, ambalo ni mkono unaotoka kidevuni kuja mbele taratibu, lilitoka kama mtu anayekuzaba kofi.

Akarudi nyuma mpaka pazia, akavuta. Mkono ukawa saizi ya mkono, lakini lenzi ile ukiivuta inakuwa kiza. Akawasha flashi, kivuli cha mkono kikakaa ukutani kama mkono wa tatu. Akazima flashi, kamera ikahitaji muda mrefu kukusanya mwanga, na mtoto akipumua tu vidole vinakuwa sita. Akaanza kumlazimisha agande. Mkono juu, usitikisike, bado, bado, bado. Mwisho wake binti alikuwa ameuma meno na baba mtu anatokwa na jasho.

Mwalimu alizipitia zote kwenye kompyuta yangu. Ilichukua robo saa.

"Kumi na moja ni nzuri," alisema.

"Na zilizobaki?" kaka akauliza.

"Baba yangu, ishara ni mahali pa mkono. Ukigusa kidevu ni neno moja, ukiacha nafasi ya kidole ni neno jingine. Hapa mimi mwenyewe sioni kama amegusa au hajagusa. Bibi yake ataonaje?"

Kaka aliyejivunia miaka ishirini ya kutokataliwa picha akakataliwa mia na tisa kwa mkupuo. Nilimwonea huruma, kweli nilimwonea. Huruma hiyo ilidumu kama siku nne.

Akaanza kusoma. Akasoma simuni mwake kwenye foleni, mezani, msalani. Siku moja akatoka nyuma ya pazia uso unang'aa, akaniambia amepata dawa: lenzi ya kawaida. Haivuti wala haisukumi, kipimo chake ni kimoja tu, inaona ukubwa wa vitu karibu sawa na jicho la mtu, na tundu lake la mwanga ni pana hata chumba chetu kitaonekana kama uani saa sita.

"Haivuti?" akauliza wifi yangu, mama wa mtoto, aliyekuwa amepita kutoka sokoni anakouza vitambaa. "Yaani unanunua kitu kipya ambacho kinafanya kazi pungufu kuliko cha zamani?"

"Inaona kama jicho, mama."

"Jicho unalo. Mawili."

Wifi ndiye peke yake nyumbani aliyekuwa na ishara za kweli, labda thelathini, ambazo mtoto alimfundisha wakipika. Hakusoma popote. Kaka alipiga simu duka la kamera la mji mkubwa, nikimsikia kwa masikio yangu, akasema kwa sauti ya mtu anayejua anachotaka: "Nahitaji lenzi ya kawaida ya kamera hii." Muuzaji akamwuliza, ya kawaida? Akasema ndiyo, ya kawaida. Basi, imekwisha.

Kifurushi kilikuja na basi baada ya siku tano. Tulikifungua kwenye kaunta yangu, wateja wawili wakitazama. Ndani ya boksi, kwenye plastiki safi, ilikuwemo lenzi ile ile aliyokuwa nayo. Ndugu yake pacha. Ya kuvuta.

Alimpigia muuzaji, akaweka simu kwenye spika ili niwe shahidi.

"Ndugu yangu, nilikwambia lenzi ya kawaida!"

"Ndiyo hiyo, mzee. Hiyo ndiyo ya kawaida. Kila kamera inakuja nayo."

"Ya kawaida ni isiyovuta!"

"Aa, mzee, isiyovuta si ya kawaida. Isiyovuta ni maalumu. Ungesema maalumu."

"Vitabu vyote vinaiita ya kawaida!"

"Sasa mzee, hapa dukani hatuuzi vitabu."

Mmoja wa wateja alicheka mpaka akashika kaunta. Mimi nilijizuia, lakini sikujizuia vya kutosha, na kaka akanuna mpaka jioni. Huyo muuzaji hakuwa mtu mbaya. Alikubali airudishe na kubadilisha, ila akauliza swali moja dogo ambalo laiti lingebaki mdomoni mwake: "Isiyovuta unataka ya hamsini au ya thelathini na tano?"

Hapo ndipo wiki zetu sita zilipoliwa.

Nitaeleza kama nilivyoelezwa, mara mia: hizo ni milimita za lenzi, zikiwa nyingi inaona eneo dogo, zikiwa chache inaona eneo pana. Watu wote mtandaoni wanasema jicho ni hamsini. Lakini hao wanazungumzia kamera kubwa za wenye nazo. Kamera ya kaka yangu, pale ndani picha inaposhikwa, ni ndogo, na kwenye kamera ndogo hamsini inabana, unakuwa kama unachungulia kupitia mlango uliofunguliwa nusu. Kwa kamera kama yake, inayoona kama jicho ni thelathini na tano. Mtu mwingine angeishia hapo akaagiza. Sentimita akakutana na mpiga picha wa harusi aliyeapa kwamba bila hamsini uso wa mtu hautoki vizuri. Akakutana na mwingine aliyesema thelathini na tano itamrudishia yale yale ya mikono mikubwa. Akiamka ni wa hamsini, akila mchana ni wa thelathini na tano, jioni anasema labda asubiri asome zaidi. Na kalenda iliyoko ukutani kwangu, yenye duara jekundu kwenye siku ya mtambo wa uchapaji, ilikuwa inakula siku zake bila kumwuliza mtu.

Mimi nilichoka. Nasema wazi nilichoka. Nilikuwa nimechapa maneno yote, nimeyapanga kurasa kwa kurasa, juu ya kila neno nimeacha kisanduku cheupe cha picha. Kila nikiwasha kompyuta naviona visanduku mia na tisa vinanikodolea.

"Kaka," nilimwambia, "chagua moja. Ukikosea tutajua."

"Dada, hii haivuti. Ukikosea umekosea."

"Si una lenzi inayovuta? Izungushe mpaka kwenye hamsini, uione. Izungushe mpaka kwenye thelathini na tano, uione. Macho unayo."

Alinitazama kwa macho yote mawili, mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Akachukua selotepu yangu, akaizungusha lenzi yake ya zamani mpaka kwenye hamsini, akaifunga isicheze. Mimi nikasimama mbele ya kitambaa, nikanyoosha mikono yote miwili pembeni kama mtu anayeonyesha ukubwa wa nyumba. Akarudi nyuma. Mikono ikakatwa kwenye viwiko. Akarudi tena, akapita pazia, akagonga mashine ya fotokopi, akaomba benchi lisogezwe, akatoka mlangoni kinyumenyume mpaka barabarani, na hapo ndipo vidole vyangu vilipoenea. Mama mmoja aliyebeba ndoo alimwambia ampishe au ampige picha na yeye.

Tukafunga kwenye thelathini na tano. Nilienea wote, na yeye alikuwa bado ndani, mgongo umegusa pazia, na mkono wangu niliounyoosha mbele ukatoka ni mkono. Picha ilikuwa ya kiza na imetikisika, lakini kipimo kilikuwa hicho. Ilituchukua dakika ishirini. Wiki sita, jamani, na dakika ishirini.

Hata hapo akaanza kusema ngoja kwanza aiwaze mpaka kesho. Nilimnyang'anya simu, nikampigia muuzaji mimi.

"Thelathini na tano," nikasema. "Isiyovuta. Narudia: haivuti."

"Maalumu," akasema muuzaji.

"Iite utakavyo."

Ilifika zikiwa zimebaki siku sita. Ilikuwa ndogo, nyepesi, ungeweza kuisahau mfukoni. Mteja mmoja alijaribu kuizungusha, akamwambia kaka kwa upole kwamba imekwama, airudishe mapema. Kaka akacheka kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze. Alifungua lile tundu la mwanga lote, akapiga picha nyuma ya pazia bila flashi, na kweli, chumba chetu kikawa na nuru ambayo sijawahi kuiona humo. Binti alinyoosha mkono, kamera ikalia mara moja tu, kwisha. Hakuna kuganda. Walipiga ishara zote mia na tisa kwa mchana mmoja, kaka anapiga mluzi.

Nilipozifungua kwenye kompyuta, kila picha ilikuwa na mkono unaoonekana mpaka mistari ya kiganja, na nyuma ya mkono uso uliofutika kama umepakwa mafuta. Kidevu hakipo. Pua haipo. Tundu likiwa wazi lote, lenzi inashika kitu kimoja tu na kuacha kingine. Na ishara ni mkono na mahali pake, tulishaambiwa.

Kaka alikaa kwenye benchi la wateja, akashika kichwa. Nilitaka kumwambia maneno mengi. Nilimwambia moja tu, apunguze tundu apige upya, na nilimwambia kwa sauti ambayo mtu hapaswi kumwambia kaka yake mkubwa.

Zikawa zimebaki siku tatu. Kwa michana miwili mfululizo binti alitoka shule akaja moja kwa moja nyuma ya pazia, begi mgongoni, na hakukuwa tena na kuchora. Mimi nilishika ubao mweupe pembeni kumrudishia mwanga. Kaka alikuwa na orodha ukutani na kalamu sikioni. Alikuwa anaonyesha neno kwenye orodha, mtoto anasoma, anainua mkono, kamera inalia. Anaitazama picha, anapima kwa jicho, anatikisa kichwa. Upya. Kiwiko chini. Upya. Kidole gumba ndani. Upya. Lenzi ilikuwa sawa sasa, mwanga ulikuwa sawa, lakini mtu aliyekataliwa mia na tisa hakutaka kukataliwa hata moja, na kila ishara ikapigwa mara tatu, mara nne, mara sita.

Mchana wa pili, walipofika katikati ya themanini, mtoto akaanza kukosea. Baba anaonyesha neno "kesho", yeye anafanya kitu kingine: vidole viwili, cha mkono huu na cha mkono ule, anavikutanisha karibu na bega. Kaka anatikisa kichwa, anagonga orodha kwa kalamu. Anafanya tena vile vile. Kaka anapiga picha hivyo hivyo, kwa mazoea, anatikisa kichwa, anagonga orodha. Mara anafanya kesho sawasawa. Baada ya maneno mawili anarudi kwenye kile kile.

"Leo kichwa chake hakipo," kaka alisema.

"Amechangamka mno," mimi nikasema. Ndivyo nilivyosema. Nilikuwa nimeshika ubao, na mikono yangu ilikuwa imechoka, nikawa nataka tumalize.

Tulimaliza.

Kesho yake mwalimu alikuja pamoja na binti baada ya masomo, ili azipitie kabla sijazipeleka kwa mchapaji. Binti akakaa nje kwenye ngazi ya mlango, ametupa mgongo, karatasi magotini. Mwalimu akakaa kwenye kiti changu. Kaka akasimama nyuma yake kama mtuhumiwa.

Nzuri, akasema mwalimu. Nzuri. Hii nzuri sana. Alikuwa anatabasamu, kitu ambacho sikujua uso wake unakiweza. Alisema anaona nafasi ya kidole kati ya mkono na kidevu, anaona gumba liko ndani au nje, anaona kila kitu. Alisema hata bibi wa mtoto, na macho yake yale, ataona. Kaka akavuta pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishikilia miezi miwili.

"Na hizi?" mwalimu akauliza.

Alikuwa amefungua kabrasha nililoliita Makosa, nilikoweka zile zisizokuwamo kwenye orodha, nisije nikachanganya.

"Hizo alikuwa amesahau," kaka akasema. "Zifute tu. Nilimwambia kesho, yeye ananifanyia hiyo. Sijui hata ni neno gani."

Mwalimu akaikuza moja. Akaikuza nyingine. Akaenda mpaka ya mwisho, zilikuwa tisa, na tabasamu likaondoka.

"Hakusahau," alisema. "Anakwambia mkono unauma."

Kaka akainama karibu na kioo.

"Hapana. Inauma naijua. Inauma ni ya kumi na mbili, hiyo niliipiga mwenyewe. Inafanywa tumboni."

"Ya kumi na mbili niliandika tumbo linauma, ndiyo maana aliifanya tumboni. Neno lenyewe ni vidole hivi viwili. Unaviweka pale panapouma." Mwalimu akaviweka begani mwake mwenyewe, kisha kichwani, kisha gotini. "Hapa ni begani. Na hapa. Hii pia. Hapa ameongeza: baba, mkono unauma."

Picha ilikuwa safi kabisa. Hakuna kivuli, hakuna kilichotikisika, uso na vidole vyote vimeshikwa sawasawa, na macho ya mtoto yalikuwa yanaangalia moja kwa moja kwenye lenzi. Hata mimi sasa nilikuwa naisoma. Mashine ya fotokopi ilikuwa inanguruma, nikaizima.

Kaka akaitazama tena picha ile. Halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Samahani inafanywaje?"

"Ipo kwenye orodha," mwalimu akasema. "Ya thelathini na saba."

Aliitafuta yeye mwenyewe, akipitisha kidole kwenye kioo. Alikuwa ameipiga mara nne. Akaikuza ile bora, akainua mkono wake, akaulinganisha na wa mtoto kwenye picha, akaushusha, akauinua tena. Mwalimu akamrekebisha kiganja. Mara ya tano akatoka nje.

Kuita kusingesaidia, na pale nje hapakuwa na taa ya kuzima. Akazunguka mpaka mbele yake, akachuchumaa barabarani watu wakimpita, akafanya ya thelathini na saba.

Binti akamtazama mkono, akamtazama uso. Akaweka karatasi pembeni. Halafu akajibu, na hakujibu neno moja. Alijibu kwa mikono miwili, haraka, akigusa bega, akielekeza dukani, akielekeza kule anakokaa bibi yake, akimwelekea baba yake na kurudi kifuani, uso wote unaongea, kama mtu aliyekuwa akisubiri zamu yake tangu zamani sana. Iliendelea labda dakika nzima. Alipomaliza alitulia, akangoja.

Kaka akainua macho kunitafuta. Nilikuwa nimesimama mlangoni.

"Anasema nini?" aliniuliza.

Nilikuwa nimeyachapa maneno yote mia na ishirini kwa vidole vyangu mwenyewe, na nikamjibu kwamba sijui.